Mtandao, Taarifa na Namba ya Siri: Uhakiki wa Namna Kiswahili Kinavyopokea Visawe vya Kiingereza vya Vitu vya Kisasa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili, hususani Kiswahili cha Tanzania, kinavyopokea maneno ya Kiingereza yenye maana zinazokaribiana yanayotaja vitu vya kisasa. Makundi matatu yamechunguzwa: maneno yanayofasiriwa kwa mtandao, maneno yanayofasiriwa kwa taarifa, na maneno yanayotaja siri ya kufungulia akaunti. Inadaiwa kuwa si kila tofauti ya maana iliyomo katika Kiingereza inastahili kupewa neno lake katika Kiswahili. Inayostahili ni ile ambayo, ikipotea, hubadilisha wajibu, haki au usalama wa mtumiaji wa lugha. Kwa kigezo hicho, makala yanaonesha kuwa Kiswahili kina maneno mengi mahali ambapo hapana tofauti, na kina neno moja mahali ambapo tofauti ina uzito wa kisheria.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa istilahi za Kiswahili mara nyingi huegemea mojawapo ya lawama mbili. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili kina uhaba: Kiingereza kina 'network', 'internet', 'web' na 'online', nacho Kiswahili huyajibu yote manne kwa neno mtandao. Ya pili ni kwamba waundaji wa istilahi wamezalisha maneno yasiyopata watumiaji wa kutosha, kama vile ngamizi, nywila na wavuti. Lawama hizi zinapingana kwa sura, kwani moja inalalamikia uhaba na nyingine wingi. Hata hivyo, chimbuko lake ni moja: imani kwamba kila neno la Kiingereza linadai neno lake la Kiswahili, na kwamba kazi ya mwanaistilahi ni kulipa deni hilo.

Makala haya hayakubaliani na imani hiyo. Swali linaloulizwa hapa si kama Kiswahili kina neno la 'web', bali ni nani anayepata hasara pale ambapo 'web' na 'internet' zinapotajwa kwa neno moja. Iwapo hakuna anayepata hasara, neno moja linatosha. Iwapo yupo, basi suala hilo si la kamusi peke yake, bali ni la haki.

2.0 Misingi ya Kinadharia

Uhakiki huu unaongozwa na mawazo mawili ya kiisimu. La kwanza ni la Saussure (1916) kuhusu thamani ya neno. Mfano wake unafahamika: Kiingereza hutenga mnyama na nyama yake iliyo mezani kwa maneno 'sheep' na 'mutton', ilhali Kifaransa hutumia neno moja kwa vyote viwili. Kwa hiyo, hata pale maneno ya lugha mbili yanapotaja kitu kilekile, thamani zake hutofautiana kwa kuwa majirani zake si walewale. Kiswahili nacho kina njia yake: kondoo na nyama ya kondoo. Tofauti imehifadhiwa bila kuongeza neno jipya, kwa kutumia kirai. Jambo hili dogo lina umuhimu mkubwa kwa hoja inayofuata.

La pili ni nadharia ya uga wa maana inayohusishwa na Trier (1931). Kwa mtazamo huo, maneno ya uga mmoja hugawana eneo la maana, na neno moja likihama, mipaka ya majirani zake hutikisika. Mawazo haya mawili yanapingana na msimamo wa Wüster, mhandisi wa Austria aliyeweka msingi wa taaluma ya istilahi, ambaye alisisitiza kuwa dhana moja iwe na istilahi moja, na istilahi moja iwe na dhana moja. Kanuni hiyo ilifaa katika mazingira yake ya uhandisi, ambako fundi anayechanganya majina ya vipuri viwili huharibu mashine. Hata hivyo, maneno yanayochunguzwa hapa hayakubaki karakana. Yamefika sokoni, benki, mahakamani na nyumbani. Vigezo vya PEGITOSCA vya Kiingi, ambavyo hurejelewa mara kwa mara katika tafiti za istilahi za Kiswahili, hutaja usahihi na iktisadi pamoja na vigezo vingine. Katika makala haya inapendekezwa kuwa vigezo hivyo viwili vinapogongana, kigezo cha tatu kiamue: wajibu anaoubeba mtu kutokana na neno husika.

Ni muhimu pia kukumbuka kuwa Kiingereza chenyewe si kipimo imara. Tofauti ya 'mobile phone' na 'cell phone' kwa sehemu kubwa ni ya mahali: la kwanza ni la Uingereza, la pili ni la Marekani. Kila moja linatazama upande wake wa kitu kilekile. Moja linaangalia uwezo wa kuhamahama nacho, na jingine linaangalia seli, yaani maeneo yanayohudumiwa na minara ya mawasiliano. Mwanaistilahi anayetafuta maneno mawili ya Kiswahili kwa ajili ya hayo mawili anatafsiri ramani, si maana. Waswahili waliangalia kiganja, wakapata simu ya mkononi na simu ya kiganjani. Neno simu lenyewe, lenye asili ya Kiajemi na maana ya waya, limeendelea kutumika kwa kifaa kisichohitaji waya, na hakuna aliyepotea njia kwa sababu hiyo. Hapa hakuna hasara, wala hakuna deni la kulipa.

3.0 Neno Mtandao na Majirani Zake

Katika matumizi ya kitaalamu, tofauti za Kiingereza ziko wazi. 'Network' ni vifaa vilivyounganishwa vikawasiliana, hata kama ni kompyuta mbili za ofisi moja. 'Internet' ni muungano wa mitandao ya dunia nzima, unaotumia kanuni za mawasiliano ambazo mtandao wa ARPANET ulihamia rasmi tarehe 1 Januari 1983. 'Web' ni mojawapo ya huduma zinazopita juu ya muungano huo. Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, na taasisi hiyo iliiachia itumiwe na umma bila malipo mwaka 1993. Kwa hiyo, barua pepe inaweza kusafiri katika intaneti bila kugusa 'web' hata kidogo.

Kiswahili sanifu kina majibu ya tofauti hizi: mtandao, intaneti, wavuti na tovuti. Umbo la neno wavuti linaelekeza kwenye wavu, chombo cha mvuvi, ilhali mtandao unatokana na kitenzi tanda, mzizi uleule unaotupa utando wa buibui. Kwa Kiingereza, 'web' ni utando na 'net' ni wavu. Kiswahili basi kimepishanisha taswira hizo: utando umepewa kazi ya 'net', na wavu umepewa kazi ya 'web'. Kwa mwanafunzi anayeamini kuwa istilahi nzuri ni ile inayoakisi taswira ya lugha chanzi, hili ni kosa. Kwa mtazamo wa makala haya, si kosa, kwa kuwa maana ya neno hutokana na nafasi yake katika uga na si kivuli cha neno la kigeni.

Aidha, hoja ya uhaba hudhoofika pale sarufi inapozingatiwa. Mzungumzaji anayesema amenunua viatu mtandaoni ametumia kiambishi -ni kubeba kazi ya 'online'. Anayesema habari imesambaa mitandaoni ametumia wingi, na msikilizaji anaelewa kuwa inazungumziwa mitandao ya kijamii, si nyaya za kampuni fulani. Anayeuliza "Unatumia mtandao gani?" anataka kujua kampuni ya simu. Anayesema "Hapa hakuna mtandao" analalamikia mawimbi. Hata siasa ya Tanzania ililichukua neno hili: kuelekea uchaguzi wa 2005, wanamtandao lilikuwa jina la kundi la watu walioungana kumpigania mgombea. Kamusi inayotoa kidahizo mtandao na kuishia kwenye visawe vyake vya Kiingereza haijaeleza hata nusu ya kazi hiyo. Kasoro hiyo ni ya kamusi, si ya lugha.

Hata hivyo, sarufi haiokoi kila mahali. Mifano miwili inaonesha gharama halisi ya neno hili kubeba mengi.

Mfano wa kwanza ni wa dirishani. Mwananchi anayefuata huduma huambiwa, "Mtandao unasumbua." Kauli hiyo inaweza kumaanisha kuwa kampuni ya mawasiliano imekatika, kuwa kompyuta kuu ya ofisi yenyewe imezimika, kuwa programu imeharibika, au kuwa mhudumu hajaingizwa katika mfumo. Sababu hizo nne zina wawajibikaji wanne tofauti. Neno moja linaziunganisha na kuzifanya zifanane na mvua, jambo lisilo na mwenyewe. Mwananchi huondoka bila kujua wa kumlalamikia. Hapa Kiswahili hakikosi maneno, kwani mfumo, seva na mawasiliano yapo na yanaeleweka. Kinachokosekana ni desturi ya kuyatumia, na desturi hiyo haistawi mahali ambapo utata unamfaa mtoa huduma.

Mfano wa pili ni wa kisheria. Sheria Na. 14 ya mwaka 2015 ya Tanzania, ambayo kwa Kiingereza huitwa 'Cybercrimes Act', inafahamika kwa Kiswahili kama Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kiambishi 'cyber' hakina wavu wala utando ndani yake. Kilitokana na jina la taaluma ya udhibiti na mawasiliano ambalo Norbert Wiener alilitangaza mwaka 1948, akilichota kutoka neno la Kigiriki la mshika usukani. Sheria yenyewe inakataza, pamoja na mambo mengine, kuingia bila haki katika mfumo wa kompyuta. Kosa hilo halihitaji intaneti. Mtu anayefungua kompyuta ya mwenzake ofisini bila ruhusa na kusoma mafaili yake anaweza kuwa ametenda kosa, hata kama kompyuta hiyo haijaunganishwa na kitu chochote. Jina la Kiswahili linamwambia kinyume: kwamba kosa huanza pale mtu anapoingia mtandaoni. Anayeijua sheria kwa jina lake pekee, kama wengi wetu tunavyozijua sheria, ataamini kuwa yuko salama ilhali hayuko. Jina kama makosa ya mifumo ya kompyuta lingekuwa refu kidogo, lakini lingesema kweli. Hapa iktisadi imeshinda usahihi, na anayelipa ni raia.

4.0 Taarifa, Data na Sheria Mbili Zinazoelekea Njia Tofauti

Kundi la pili lina 'data' na 'information'. Katika maelezo ya kawaida ya taaluma ya habari, 'data' ni malighafi: tarakimu, majina, alama, vipimo. 'Information' ni kile kinachopatikana malighafi hiyo ikipangwa na kupewa maana. Kiswahili kina data, taarifa, habari, maelezo na takwimu. Tasnifu zetu zenyewe hazijatulia. Ni kawaida kukuta sura yenye kichwa "Ukusanyaji wa Data" ambayo aya yake ya kwanza inazungumzia taarifa zilizokusanywa, bila mwandishi kueleza kama amebadili dhana au amekwepa kurudia neno. Nje ya chuo, data imepata maana nyingine kabisa: ni kile kinachonunuliwa kwa kifurushi na kuisha kabla ya mwisho wa wiki.

Katika mazungumzo, mchanganyiko huo hauna madhara makubwa. Katika sheria, hali ni tofauti. Mwaka 2016 Tanzania ilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Mwaka 2022 ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa Kiingereza, ya kwanza inahusu 'information' na ya pili inahusu 'personal data'. Lengo la ya kwanza ni kufungua: mwananchi apewe kilichomo katika mamlaka za umma. Lengo la ya pili ni kulinda: kinachomhusu mtu kisikusanywe wala kutumiwa kiholela. Kwa Kiswahili, milango yote miwili, wa kufunguliwa na wa kufungwa, imeandikwa neno lilelile. Tofauti yote imetwikwa kivumishi binafsi.

Je, kivumishi hicho kinatosha? Jibu la makala haya ni kwamba kinatosha kwa sehemu. Taarifa binafsi ni kirai kinachoeleweka na mtu asiyesomea sheria, na kwa kigezo cha uwazi kinashinda data binafsi, ambacho kwa msikilizaji wa kawaida kinaweza kusikika kama kifurushi cha intaneti asichogawana na mtu. Kama ilivyo kwa nyama ya kondoo, Kiswahili kimetumia kirai kufanya kazi ya neno, na hilo si udhaifu.

Tatizo linajitokeza katika fasili. Sheria za ulinzi wa data, ikiwemo Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016, hufasili 'personal data' kwa kutumia neno 'information': ni 'information' yoyote inayomhusu mtu anayetambulika. Kiingereza kinafasili neno kwa neno jingine. Kiswahili kikifuata mkondo huo kinapata sentensi isemayo kuwa taarifa binafsi ni taarifa inayomhusu mtu, na fasili inajizunguka. Kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa na sheria kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, fasili ya namna hiyo haiwezi tena kuegemea nakala ya Kiingereza kama mkongojo. Alama ya kidole, mapigo ya moyo yaliyonakiliwa na saa ya mkononi, au mahali simu ilipokuwa saa nane usiku, je, ni taarifa? Kwa Mswahili, taarifa ni jambo ambalo mtu amelitoa au amepewa: taarifa ya habari, kutoa taarifa polisi. Alama ya kidole haitolewi kama taarifa, inachukuliwa. Ndani ya neno taarifa mna msemaji, ilhali katika vitu hivi hakuna aliyesema. Ukosefu huo wa msemaji ndio hatari yenyewe, kwani mtu hukusanyiwa mambo yake bila kujua kuwa amezungumza.

Kenya imeelekea upande mwingine. Sheria yake ya mwaka 2019 huitwa kwa Kiswahili Sheria ya Ulinzi wa Data. Chaguo hilo linatunza tofauti ya dhana kwa gharama ya uwazi. Makala haya hayapendekezi kuwa Tanzania iige. Inapendekezwa kwamba jina la sheria libaki taarifa binafsi kwa ajili ya mwananchi, na fasili ndani ya sheria itumie data kwa ajili ya hakimu: kwamba taarifa binafsi ni data yoyote inayoweza kumtambulisha mtu, iwe ameitoa mwenyewe au imechukuliwa kwake. Hapo maneno mawili yanagawana kazi, kama nadharia ya uga inavyotarajia.

5.0 Namba ya Siri: Pale Kiswahili Kinapoizidi Lugha Chanzi

Kundi la tatu linaonesha upande wa pili wa mizani. Kiingereza kina 'password', 'PIN' na 'code', pamoja na ile inayotumwa kwa ujumbe na kutumika mara moja tu. Kwa 'password', Kiswahili kina nywila, nenosiri na neno la siri. Kwa 'PIN', huduma za fedha kwa simu, zilizoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, zimezoesha umma namba ya siri.

Kirefu cha 'PIN' kinataja namba ya kumtambulisha mtu. Hakisemi kuwa namba hiyo isitajwe, na mambo mengi yanayotutambulisha, kama jina na namba ya simu, huwa tunayataja bila wasiwasi. Namba ya siri inasema. Jina lenyewe ni onyo, na kila anayeombwa namba hiyo anasikia onyo katika ombi. Hapa Kiswahili hakikutafsiri neno, bali kilitaja kile ambacho mtumiaji anapaswa kukifanya. Ni mfano bora zaidi wa istilahi za kisasa katika mjadala huu, ilhali nywila, ambayo ni fupi na ya pekee, haimwonyi mtu yeyote ambaye hajafundishwa maana yake.

Kinyume chake kinaonekana katika ile namba inayotumwa kwa ujumbe na kutumika mara moja. Wakati mwingine huitwa namba ya uthibitisho, na wakati mwingine kodi, neno ambalo tayari lina kazi nzito ya ushuru na pango la nyumba. Yote mawili yamepoteza siri. Tapeli anayepiga simu haombi namba ya siri, kwani jina hilo lingemfichua; anaomba asomewe "ile namba uliyotumiwa." Mwathirika aliyefunzwa kulinda namba ya siri anaweza kuisoma kwa nia njema, maana aliyoifunzwa ni nyingine. Kuiita namba ya siri ya mara moja kungerefusha ujumbe kwa maneno machache tu, na kungemlinda mtu mzima asiyejua kinachofanyika nyuma ya skrini.

6.0 Wingi Usio na Tofauti

Upande wa pili, dhana moja ya 'computer' ina kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kompyuta limetawala Tanzania, na tarakilishi limejikita zaidi Kenya, hasa katika vitabu na madarasa. Hakuna tofauti ya maana inayobebwa na utatu huu. Kilichopo ni tofauti ya mahali na ya itikadi kuhusu ukopaji. Hatuna sababu ya kuuondoa, lakini tusiuhesabu kama utajiri wa maana.

Ulinganisho na kishikwambi unafundisha. Neno hili lilionekana geni hadi Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambapo makarani walipita nyumba kwa nyumba nchini Tanzania wakiwa na vishikwambi mikononi, na baadaye vifaa hivyo vikagawiwa walimu. Kitu na jina lake vilifika mlangoni pamoja. Tofauti yake na kompyuta mpakato inaonekana kwa macho, hivyo maneno mawili yalikuwa na kazi mbili za kufanya.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa ulinganisho wa neno kwa neno baina ya Kiingereza na Kiswahili hupima kitu kisicho sahihi. Kwa mtandao, sarufi ya Kiswahili hubeba tofauti nyingi ambazo kamusi haziandiki, lakini jina la sheria limeficha kosa ambalo raia anapaswa kulijua. Kwa taarifa, kirai kimefaa katika jina na kimeshindwa katika fasili. Kwa namba ya siri, Kiswahili kimeipita lugha chanzi, kisha kimeacha mafanikio hayo yasifike kwenye namba ya mara moja.

Kwa wanaistilahi, matokeo haya yanadai hatua ya ziada kabla ya kuunda neno: kuuliza ni nani atakayebeba mzigo iwapo tofauti itapotea. Kwa wanaleksikografia, yanadai kuwa maumbo kama mtandaoni na mitandaoni yaelezwe kwa maana zake, si kuachwa kama minyambuliko ya kawaida. Kwa wanaotafsiri sheria, ambao kazi yao imekuwa nzito zaidi tangu 2021, yanadai kwamba jina la sheria lisomwe kama linavyosomwa na mtu ambaye hataifungua sheria hiyo kamwe. Mtu huyo yupo kila kijiji, naye anafungwa na sheria ileile inayomfunga aliyeiandika.